Maji yakikoma mdomoni, bomba halijafungwa

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapa barua ya msomaji mmoja mwenye shamba la ng'ombe, aliyelalamika kwamba bili yake ya maji imepanda na kwamba sababu ni uzembe wa wafanyakazi wasioujua uchungu wa pesa. Alieleza jinsi alivyomfukuza kijana wake baada ya kugundua kwamba bomba la mpini lililoko zizini lilikuwa likivuja chini ya ardhi. Barua ile niliisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa nimekaa na ya pili nikiwa nimesimama. Bomba la aina hiyo nalijua vizuri, na kijana wa aina hiyo namjua vizuri zaidi, kwa hiyo naomba nafasi nijibu.

Mimi ni saisi. Kwa wasiolijua neno hili, saisi ni mtunza farasi: ndiye anayemlisha, anayemsugua, anayemtia lijamu, na ndiye anayelala macho farasi akiumwa. Nilizaliwa Busia, upande wa Uganda, lakini kazi nilijifunzia Nairobi nikiwa na miaka 19, katika mabanda ya farasi wa mbio karibu na uwanja wa Ngong, na Kiswahili changu nilikiokota hukohuko pamoja na makovu mawili ya kwato. Sasa nina miaka 61. Kwa miaka 14 nimetunza farasi 12 kwenye shamba moja nje kidogo ya Jinja, karibu na Mto Nile. Najua kuna msomaji atakayeuliza, Uganda nako kuna farasi? Wapo, wachache. Babu zetu hawakuwafuga kwa kuwa mbung'o na ugonjwa wa nagana wanaoueneza hawamwachi farasi mzima, na baadhi ya waliopo leo kazi yao ni kubeba watalii.

Farasi na maji ni kitu kimoja. Farasi mzima wa kilo 450 hivi hunywa kati ya lita 25 na 45 kwa siku. Jua likiwaka na akiwa amefanya kazi, hupita hapo. Akikosa maji, au akiyakataa kwa sababu hori lina ukoga, majani aliyokula hukauka na kuziba utumbo, na msokoto wa tumbo unaweza kumuua kabla hujampata daktari wa mifugo. Nimeshawazika wawili kwa ugonjwa huo, Nairobi, na sitaki wa tatu. Ndiyo maana pale shambani suala la bomba halikuwahi kuwa la fundi peke yake. Bomba likiharibika, wa kwanza kuitwa ni mimi.

Mwenye shamba, ambaye sote tunamwita Madam, alikulia Kanada. Alipohamia huku, kontena lake lilikuja na matandiko, hatamu, dawa za minyoo, na mabomba matatu ya mpini. Kwenye karatasi yake yanaitwa haidranti, lakini ukisema haidranti mtu anafikiria gari la zimamoto, kwa hiyo sisi tunasema bomba la mpini. Vijana wa hapa wanasema taapu ya Madam. Ni nguzo ya chuma iliyosimama kufika kiunoni, ina mdomo wa kufungia mpira wa maji, na juu yake mpini mrefu. Ukiinua mpini, maji yanakuja. Ukiushusha, maji yanakoma. Mtoto wa miaka sita anaweza kulitumia, na hapo ndipo shida inapoanzia, kwa maana kila mtu anadhani amelielewa.

Bomba tulilolizoea hufunga maji pale pale mdomoni. Hili hufunga chini kabisa, futi tatu ndani ya ardhi. Ndani ya nguzo kuna fimbo ndefu ya chuma, juu imeshikwa na mpini, chini imebeba kizibo cha raba. Mpini ukishuka, fimbo inashuka na kizibo kinakalia tundu linaloleta maji. Halafu kuna siri moja. Karibu na kizibo, ubavuni mwa bomba, kuna kijitundu kidogo, hakipokei hata kidole cha mtoto. Bomba likifungwa, kijitundu hicho kinakuwa wazi, na maji yote yaliyobaki ndani ya nguzo yanashuka na kunywewa na kokoto zilizofukiwa pale chini. Bomba likifunguliwa mpaka mwisho, kizibo kinapanda na kukifunika.

Nilimuuliza Madam, kwa nini mtu atoboe bomba lake mwenyewe? Akacheka, akaniambia kwao majira ya baridi maji yanaganda ndani ya chuma, na maji yakiganda hutanuka, karibu sehemu 9 kwa kila 100, na chuma kinapasuka kama chungu. Kwa hiyo wanayafungia maji chini, mahali ambapo baridi haifiki, na nguzo inabaki tupu. Akili nzuri kabisa, kwa Kanada. Sisi hapa Jinja tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari na barafu tunaijua kwenye glasi ya soda. Anayetaka ya bure apande Rwenzori.

Sasa nije kwenye bili.

Kwa kawaida shamba letu, farasi na nyumba na bustani, lilikuwa likitumia yuniti 30 hivi kwa mwezi, na yuniti moja ni lita 1,000, yaani jerikani 50 za lita 20. Mwezi mmoja ikaja 74. Mwezi uliofuata 128. Madam alitukusanya chini ya mwembe saa mbili asubuhi, na maneno aliyoyasema hayakuwa mbali na ya msomaji wako. Maji yanachezewa. Mtu anaosha bodaboda zake hapa. Kuanzia leo, akasema, mpini wa bomba usiinuliwe mpaka juu, ufunguliwe kidogo tu, maji yatoke taratibu.

Tukatii. Bili iliyofuata ikawa 139.

Aliitwa fundi kutoka mjini. Akatembea, akapiga nguzo kwa spana, akasema bomba la chini limeoza kuanzia kwenye mita hadi kwenye mabanda, lifukuliwe lote, na akataja pesa ambayo ingetosha kununua farasi mwingine mwenye umri wangu. Madam akasema atafikiri. Usiku ule na mimi nikafikiri.

Kesho yake saa moja jioni, farasi wote wameshanyweshwa na hori zote zimejaa, nilipita kufunga kila kitu, nikamwomba na mpishi asifungue maji ya jikoni, nikaenda kwenye mita na tochi na kuandika namba zote kiganjani, pamoja na zile nyekundu za mwisho. Saa kumi na mbili asubuhi nikarudi. Yamepita masaa 11 hakuna aliyefungua chochote, na mita imesogea lita 1,650. Nilikaa pale chini nikapiga hesabu. Farasi wetu 12, nikiwawekea lita 35 kila mmoja, wanakunywa lita 420 kwa siku. Ardhi ilikuwa imekunywa kwa usiku mmoja karibu maji yao ya siku nne. Na mabomba yote matatu ukiyatazama, midomo mikavu, hata tone.

Usiku wa pili nikachukua bisibisi ndefu. Hii nilifundishwa Nairobi na mzee mmoja fundi wa bomba, Mungu amrehemu: unaweka ncha kwenye chuma, mpini wake wa plastiki unauegemeza sikioni, na chuma kinakusimulia. Nikaanza na bomba la kwanza, lililo karibu na banda kuu. Ssssss. Kama chai inayokaribia kuchemka. Nikaukandamiza mpini kwa uzito wangu wote. Ulishuka kidogo tu, kama upana wa kidole, ukafanya "tak", na mlio ukakatika.

Ndugu Mhariri, hapo ndipo nilipoelewa. Kijana anayefunga bomba hushusha mpini mpaka aone maji yamekoma mdomoni, kisha anauachilia. Kwenye bomba la kawaida hakuna kosa hapo. Kwenye hili, maji kukoma mdomoni hakuna maana yoyote. Kizibo bado hakijakaa vizuri, maji kidogo yanapita chini yake, na badala ya kupanda nguzo nzima yanajipenyeza kwenye kile kijitundu kilicho wazi, yanaingia ardhini. Hayatoki juu uyaone. Yanapotea chini kwa chini usiku kucha, na ile mita inahesabu.

Sasa swali: kwa nini vijana wote watatu wa zamu walikuwa hawaushushi mpini mpaka mwisho? Niliwauliza mmoja mmoja, kwa upole, tukiwa tunachana mikia ya farasi, maana mtu akiwa na kazi mkononi husema kweli. Jibu lilikuwa moja. Mwaka uliotangulia kijana mwenzao aliukandamiza mpini kwa nguvu, pini ikakatika, na akakatwa shilingi 30,000 kwenye mshahara. Aliondoka mwisho wa mwezi, lakini hadithi ilibaki. Tangu siku hiyo mpini wa Madam unashushwa kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia.

Na ile amri ya kufungua kidogo? Hiyo ilikuwa kumwaga petroli. Nimesema kwamba kijitundu hufunikwa bomba likiwa wazi mpaka mwisho, na hufunguka likifungwa. Katikati ya hapo vyote viwili viko wazi: maji yanakuja mdomoni na maji yanatoka chini, kwa pamoja. Unajaza jerikani moja huku nyingine ikijazwa na kokoto usiyoiona. Zaidi ya hapo, maji yanayolazimishwa kupita kwenye upenyo mwembamba hubeba mchanga kwa kasi na kuila raba, na raba ikishalika, hata ukifunga kwa nia njema, haifungi. Tulikuwa tukijibana ili tuokoe maji, kumbe ndio tulikuwa tunayamwaga. Bomba la mpini halitaki nusu. Ama juu kabisa, ama chini kabisa. Ukitaka maji kidogo kwa ajili ya kumwosha farasi mguu, inua mpini mpaka juu na upunguzie kwenye valvu ndogo unayoifunga mdomoni, kisha ukimaliza uifungue hiyo valvu, la sivyo nguzo haitajimwaga.

Niliyakuta hayo kwa bomba la kwanza tu. La pili lilikuwa na ugonjwa mwingine. Hili nililikandamiza, likafika chini bila upinzani wowote, mpini unacheza kama jino la mtoto, na mlio ukaendelea. Hapa fimbo ilikuwa imeteleza. Ukitazama chini ya kichwa cha bomba utaona kipande cha chuma kinachoishika fimbo kwa skrubu moja yenye kichwa cha pembe nne. Skrubu hiyo ikilegea, fimbo inapanda kidogo kidogo, na siku moja mpini unafika mwisho wa safari yake wakati kizibo bado kinaning'inia. Fundi aliyetaka kufukua shamba zima alikuwa amesimama mbele ya skrubu hiyo na hakuiona.

Kuirekebisha hakuchukui muda wa kunywa chai. Ushushe mpini mpaka chini, kisha uinue kidogo, kama upana wa vidole viwili. Legeza skrubu. Sukuma fimbo chini mpaka usikie kizibo kimekaa. Kaza skrubu ukiwa umeishikilia fimbo hapohapo. Sasa funga bomba. Mpini unapaswa kushuka kwa wepesi, halafu mwishoni kabisa ukatae kidogo, uudai mkono wako, kisha ujifunge kwa ule mlio wa "tak". Ukikataa mno, usishindane nao. Umeishusha fimbo kupita kiasi, na ndivyo pini za watu zinavyokatika. Legeza, ipandishe kidogo sana, jaribu tena. Mimi nilirudia mara nne.

Usiishie hapo. Fimbo iliyoshushwa sana huleta kosa la upande wa pili: bomba likiwa wazi, kizibo hakipandi vya kutosha kukifunika kijitundu. Kwa hiyo fungua mpaka juu, acha maji yaende kwa dakika tano, utazame mguu wa nguzo. Udongo ukianza kulowa na kububujika, umezidisha. Kisha funga, na papo hapo ziba mdomo wa bomba kwa kiganja. Kiganja kikifyonzwa, kama ndama anayekunyonya kidole, furahi: nguzo inajimwaga na kijitundu kiko hai. Usipoisikia pumzi hiyo, kijitundu kimezibwa na udongo au na mizizi. Mpira nao uutoe mdomoni kwanza, maana ukiuacha na mwisho wake umezama horini, nguzo haiwezi kuvuta hewa. Itavuta maji ya hori badala yake, pamoja na mate ya farasi na ukoga.

Bomba la tatu lilinichukua siku mbili na safari moja ya Kampala. Hili lilikuwa na raba iliyokwisha. Nilifunga valvu kuu, nikashika nguzo kwa spana moja ya bomba na kufungua kichwa kwa nyingine. Hizo spana mbili si anasa, ukitumia moja utaifungua nguzo kutoka chini ya ardhi na hapo ndipo utakapofukua kweli. Kichwa kikatoka, nikaivuta fimbo nzima juu kama mtu anayechomoa mkuki. Kizibo kilikuwa na mfereji ubavuni, na chembe ya mchanga imekaa humo kama jiwe kwenye pete. Jinja nilizunguka maduka sita, sikupata. Nikakibeba mfukoni mpaka Katwe, na mafundi wa Katwe, ambao sijawahi kuwapelekea kitu wakanirudisha, walinikatia kingine cha raba ngumu kwa shilingi 15,000. Kabla ya kukirudisha nilimwambia kijana afungue valvu kuu taratibu, maji yakaruka juu ya nguzo kama chemchemi, na kilichotoka nayo kilikuwa mchanga, vipande vya kutu na konokono mmoja. Ungeirudisha raba mpya juu ya uchafu ule, ungeizika wiki hiyohiyo.

Lakini bomba hilo la tatu ndilo lililoninyima usingizi kwa sababu nyingine. Lilisimama hatua nane tu kutoka kwenye lundo la samadi. Mvua za Aprili zikija, pale chini panakuwa supu. Na sisi, kama watu wengi, tunaishi na mgao: maji yanakatika Jumanne, yanarudi Alhamisi. Maji yakikatika, bomba lililo mahali pa chini au jirani anayefungua lake huvuta yaliyobaki ndani, na bomba tupu hufyonza. Sasa kama kizibo hakikai vizuri, na kijitundu kiko wazi ndani ya supu ya samadi, kinachofyonzwa ni nini? Mara mbili maji ya kwanza baada ya mgao yalitoka kwenye bomba lile yakiwa na rangi ya chai. Farasi walinusa wakageuka. Vijana, ambao hawanusi, walikuwa wanakunywa hapo kwa viganja. Sisemi nani aliumwa tumbo. Nasema mimi nilifunga valvu yake siku ileile na kulifungulia tena baada ya kulihamisha hatua 40 kupanda mlima, mbali na lundo. Tulipolifukua tukaona kijitundu kimechongwa hesi, yaani meno ya skrubu, tukakiziba kwa skrubu ndogo ya shaba. Sasa nguzo ile inabaki na maji ndani daima. Na iwe. Barafu ya kuipasua itoke wapi?

Kwa hiyo mtu wa Uganda akiniuliza anunue bomba gani kwa ajili ya farasi au ng'ombe wake, namwambia anunue la kawaida la koki, alisimike kwenye nguzo ya zege, aongeze valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, na pesa itakayobaki anunue chumvi ya kulamba. Mwenye la mpini tayari, asilitupe. Ni chuma kizuri kikijuliwa.

Kuna vitu vidogo ambavyo karatasi ya Kanada haikuvitaja. Nyigu wa udongo hupenda mdomo wa bomba lisilotumika. Wiki mbili tu wanajenga nyumba humo, na ukifungua unapata matope usoni. Tunauziba kwa gunzi la mahindi. Mguu wa nguzo umwagiwe kokoto na marram, mita mbili kila upande, kwa sababu farasi anayesimama kwenye tope kila siku kwato zake huoza kwa chini na kunuka, na harufu ile ukishaijua hutaisahau. Na kama juu, kwenye shingo ambapo fimbo inaingilia, panatiririka maji wakati bomba limefunguliwa, hilo si jambo la kuogopa. Kaza nati ya shingo robo mzunguko. Isiposikia, ongeza uzi wa kuzibia chini yake.

Halafu kuna Posho. Posho ni farasi dume aliyehasiwa, mweupe mwenye madoa, na tunamwita hivyo kwa sababu alipofika alikuwa ameanguka ndani ya gunia la unga wa mahindi. Baada ya kumaliza kazi yote hii, mita safi, mimi nimevimba kichwa, asubuhi moja naamka naikuta paddoki yake, ule uwanja wake wenye uzio, imekuwa ziwa. Mpini juu. Nikamgombeza kijana wa zamu, naye akaapa kwa mama yake. Usiku uliofuata nikajificha nyuma ya nyasi kavu. Saa tisa usiku Posho akaja, akaweka shingo chini ya mpini, akajikuna kwenda na kurudi, mpini ukapanda, maji yakaja. Akanywa kidogo, kwa adabu, akaondoka. Asubuhi nilimwomba yule kijana msamaha mbele ya wenzake, na tangu hapo mpini unafungwa kwa mnyororo mfupi wenye ndoano, na bomba limezungushiwa nguzo za mikaratusi.

Naleta kisa cha Posho kwa sababu mimi mwenyewe, niliyekwisha kumwambia Madam kwamba asiwaone vijana wazembe, nilipoona maji nilimwona kijana kwanza.

Madam alilichukuaje? Nilimpeleka kwenye bomba la kwanza, nikampa bisibisi asikilize, nikamwambia aukandamize mpini yeye mwenyewe. Aliposikia "tak" na ukimya baada yake, alinyamaza kwa muda. Kisha akaingia ndani akatoka na karatasi iliyokunjwa, imelala kwenye droo ya jikoni tangu kontena lifunguliwe. Yote niliyoyaeleza hapa ya kulirekebisha bomba, kasoro vile vitu vidogo na Posho, yalikuwa humo, na mchoro wa skrubu wenye mshale. Kiingereza upande mmoja, Kifaransa upande wa pili. Wanaoushika mpini ule kila siku ni Msoga mmoja, Mlugbara mmoja, na mvulana kutoka Tororo, na lugha inayotukutanisha sisi wote pale bandani ni hii unayochapia gazeti lako. Katiba yetu imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005. Bomba la Madam halikuwa na habari hiyo. Jioni ile tukakaa barazani, yeye akisoma, mimi nikitafsiri, na mvulana wa Tororo, ambaye ana mwandiko mzuri, akaandika kwa rangi nyekundu kwenye kibao: JUU KABISA AU CHINI KABISA. SUBIRI "TAK". Kile kibao hakikugharimu kitu, rangi ilibaki ya kupaka vizuizi vya kuruka farasi.

Bili ya mwezi uliofuata ilikuwa yuniti 29. Zile 30,000 za yule aliyekatwa mshahara, Madam alizituma kwa simu, pamoja na za nauli. Hakurudi, amepata kazi ya boda Iganga.

Nawe Mhariri nina ombi moja. Ukurasa wako wa kilimo wiki iliyopita ulikuwa na picha kubwa ya trekta na waziri. Tungepata kila mwezi nusu safu tu ya kueleza kifaa kimoja kinavyofanya kazi, pampu ya dawa, mashine ya kukata majani, mita ya maji, kwa maneno ambayo mtu anayekishika atayaelewa, mimi ningelipa bei ya gazeti mara mbili.

Na kwa msomaji mwenye ng'ombe: leo saa moja jioni nenda kwenye mita yako, uandike namba. Kisha ukandamize mpini wa bomba lako wewe mwenyewe, mpaka chini kabisa. Ukisikia "tak", tafuta namba ya simu ya yule kijana.

Mimi naishia hapa, bomba la pili limeanza tena kucheza tangu Jumatatu na spana iko kwa mpishi.

Saisi mzee,
Jinja, kando ya Nile